Mshipa Uliokaa Kimya

Mkasi ulipita katikati ya mshipa, na mshipa haukulia. Fundi akatabasamu peke yake.

Mkasi ulikuwa wa kwenye kompyuta, na ini pia, laini, linabonyea na kujikunja kama la kweli. Hapo madaktari vijana wangejifunza kutoa mfuko wa nyongo kabla hawajakabidhiwa mtu. Ukigusa pasipoguswa, mtambo hulia.

Miaka minne, kuujulisha mtambo nini kimegusa nini ilikuwa kazi ya Fundi. Njia yake ililinganisha kila nukta ya picha na kila nukta nyingine. Ini likibonyea kidogo tu, picha inakwama. Ndipo akaletwa Kibinti, juzijuzi katoka chuoni. Akavifunga viungo ndani ya visanduku visivyoonekana.

"Kama visanduku havijakutana, dada, ya nini kujichosha na vilivyomo?"

Picha ikateleza kama maji. Bosi akasema mbele ya watu wote, "Jamani, huyu tulikuwa hatunaye siku zote?"

Neno hilo Fundi alilala nalo, akaamka nalo. Hata bintiye alipomwita jikoni amwonyeshe matokeo ya mtihani, macho yalikuwa kwenye karatasi, masikio kwa bosi. Wivu ukishakaribishwa kiti, hudai kitanda.

Basi siku moja kabla ya kuwaonyesha madaktari mtambo, wenzake wakiwa wameenda kula, akakibana kisanduku cha mshipa mmoja mwembamba, nyuma ya mfuko wa nyongo, kikawa kidogo kuliko mshipa wenyewe. Mkasi ukipita, mtambo kimya. Madaktari wataona, Kibinti ataumbuka, yamekwisha.

Hakuna aliyeona. Madaktari walipiga makofi, wakauchukua mtambo hospitalini kwao. Fundi akausindikiza hadi mlangoni. Kusema kungekuwa kujivua nguo hadharani.

Miezi mitatu baadaye, bintiye alishikwa na tumbo, akajikunja sakafuni. Hospitali wakapiga picha: mawe kwenye nyongo, na mfuko umeoza. Ni kupasua, tena leo hii.

Daktari kijana akaja, kofia ya kijani kichwani, uso wa bashasha. "Ondoa hofu, mama. Nimeambiwa unatoka kwa wale mafundi wetu. Upasuaji huu nimeurudia mara mia mbili kwenye mtambo wenu."

Fundi akamdaka mkono. Akayamwaga yote pale ukumbini, mbele ya mumewe na manesi: mshipa, kisanduku, Kibinti, wivu. "Haulii ukiukata! Umezoea vibaya, daktari! Ni mimi, ni mimi niliyefanya!"

Mumewe akamtazama kama mtu asiyemjua. Nesi mmoja akashika mdomo.

Daktari akakunja uso. "Mshipa wa nyuma? Mbona unalia vizuri tu, mama? Yule binti wa kazini kwenu alikuja wiki ileile mtambo ulipoletwa, kabla hatujaanza mazoezi, akautengeneza. Alituomba radhi, akasema kosa ni lake."

Fundi akaegemea ukuta. Kitanda cha mwanawe kikasukumwa mbele yake, mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka, ukajifunga.

Daktari akageuka amfuate mgonjwa. Fundi alikuwa bado hajamwachia mkono.

"Na nyinyi," akauliza, "mkamsifu?"