Timu Nzima, Isipokuwa Mmoja

Atupele alipitisha sindano kwenye mgongo wa jirani yake, Mwakalinga. Huu ulikuwa mshono wa saba, na damu bado ilimtiririka hadi kiunoni. Sheria ya mbio za mbwa za kupokezana inasema hivi: mbwa akiachiwa kabla mwenzake hajarudi, timu nzima huchapwa viboko, isipokuwa aliyemwachia. Huyo kazi yake ni kuwashona wenzake.

"Taratibu, Mama Lusajo. Hilo si gunia."

"Nisamehe, baba. Nilitaka mbwa wangu Tufani avunje rekodi."

"Akaivunja?"

"Akaivunja."

"Basi hongera. Hata mimi ningemwachia."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Mkewe, ambaye naye ni wa timu, alikuwa amelala kifudifudi kando yake akisubiri zamu, mgongo umepasuka. Alicheka huku ameuma kanga.

"Kesho mbwa wetu Bosi naye anatafuta rekodi," akasema. "Na wewe mgongo wako bado mzima."

Uzi ukaisha. Atupele akafunga fundo, akaosha sindano.

"Nitamalizia kesho," akasema.

"Kesho nitashona mimi," Mwakalinga akajibu.