Unene wa Wiki Moja

Kiatu kiliingia kwa nguvu, kisha kikagoma kutoka.

Fundi viatu alikaa ukingoni mwa kitanda akitweta. Kila alipoinama afungue kamba, pumzi zilimkatika. Tangu mshtuko wa moyo umlaze hospitali mwezi uliopita, hakuwa amevaa ila ndala. Na kiatu hiki alikishona mwenyewe, kwa kipimo chake mwenyewe. Kukosea kipimo si desturi yake.

Sebuleni mkewe alikuwa akiwatambia mawifi.

"Si mlinong'ona kwamba nitabaki mjane? Mume wangu kanawiri! Kilo nne kwa wiki moja!"

"Bonge, toka basi tukuone!" dada mmoja wa fundi alipaza sauti, wakaangua kicheko.

Fundi alipandisha suruali, akabonyeza muundi kwa kidole gumba. Kikazama. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale pale, punje ya mahindi ingekaa humo isianguke. Alihesabu mpaka kumi. Halikujaa.

Miaka thelathini ameshika ngozi. Ngozi ikibonyea namna ile haijashiba mafuta, imelowa maji.

Daktari alikuwa amemwonya: uzito ukipanda ghafla, rudi siku hiyo hiyo. Lakini njia ya kutokea ilikuwa moja tu, nayo ilipita sebuleni, katikati ya furaha ya mkewe.

Alijaribu tena kuinama. Akashindwa.

"Mama watoto," aliita kwa sauti iliyosalia. "Niletee kisu cha ngozi, tukikate hiki kiatu. Na hicho kicheko kiache huko huko."