Mashine Iliyolia Kisimani

Tik, tik, tik. Nakiru aliisikia mashine niliyotumwa nayo kupima visima kabla sijamwamkia. Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa kisima alichokichimba mwenyewe katika mchanga wa mto mkavu, hapa Lodwar, mtoto amemfunga mgongoni. Shanga zilimfunika shingo hadi kidevuni. Mwanamke wa kwetu havui shanga hizo ila akifiwa.

"Ejok, mama," nikamsalimu.

"Hiyo kitu inalia nini?"

"Inapima mionzi. Ni kidogo tu, ya kawaida."

Sikupaswa kulitaja neno mionzi. Wiki nzima redio ilikuwa ikizungumzia kile kinu cha nyuklia kilicholipuka Ulaya miaka kumi iliyopita, na watoto wanaougua mpaka leo.

"Ile ya redio? Iko kwa maji yangu?"

"Siyo ile. Hii iko kila mahali, tangu dunia iumbwe. Angalia."

Nikaisogeza mashine kwenye jiwe, ikalia. Nikaisogeza kwenye kiganja changu, ikalia vilevile. Nilidhani ameanza kutulia. Ili aamini kabisa, nikainama nikaisogeza kwenye mgongo wa mtoto.

Tik, tik, tik.

"Unaona? Hata yeye anayo."

Nikasema "kawaida" mara ya pili, kisha ya tatu, na kila mara neno lilizidi kuharibika mdomoni mwangu.

Nakiru alimfungua mtoto, akamlaza mchangani taratibu, akamfunika uso. Kisha akapeleka mikono nyuma ya shingo, akaanza kuvua shanga.