Dagaa Mwenye Mwiba

Mzee Modesti, aliyewahi kuuapia mtaa mzima wa Mazwi kwamba alimfundisha samaki aitwaye mgebuka kujumlisha, leo mzaha ulimkauka mdomoni.

Hesabu yake ya samaki wa ziwani ilisema dagaa ni tele, vueni mtakavyo, migebuka wanaowala hawatakosa chakula. Binti yake Marsiana na wavuvi wenzake wakaifuata.

Sasa alikuwa anachambua dagaa wa mboga aliotumiwa na Marsiana. Mmoja akamchoma kidole. Tangu lini dagaa akawa na mwiba mgongoni? Akapekua sinia zima. Karibu wote walikuwa watoto wa mgebuka.

Akarudia hesabu, safari hii akiwatoa watoto hao wanaovuliwa. Mwaka wa tatu, migebuka walifika sifuri.

Simu ikaita.

“Shikamoo baba, mganga wa namba! Dagaa wamejaa mitumbwi yote! Kesho tunashusha nyavu za matundu madogo zaidi!”