Kalamu na Majina Tisa

Jina la kwanza aliloandika lilikuwa la shemeji yake, Chanda.

"Sasa ya pili," alisema Davison, mesenja wa serikali, akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Watson Nkonde, karani wa ofisi ya Nchelenge, kando ya ziwa, akaandika la pili. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku ile. Ulikuwa wa miaka kumi na minane ya kuwaandikia wakubwa mambo ya wadogo. Muzungu wa samaki, afisa wa uvuvi, alikuwa amekataza nyavu za macho madogo na kuzifungia zote ghalani. Juzi wanaume tisa walivunja mlango wakachukua nyavu zao, maana watoto hawali amri. Aliyewaona ni Watson peke yake. Barua ya muzungu ilikuwa fupi: andika majina yote, Ijumaa lori lije kuwabeba, ukikataa, gereza ni lako.

Davison alitumwa asimamie. Alitoka mbali, Kibemba hakijui, wenyeji hawajui, ndiyo maana alisema nao Kiswahili cha sokoni. Lakini kusoma alijua. Kila jina alilifuata kwa kidole.

"Hii wino ya bluu ni ya wapi?"

"Ya masomo, ya batoto ba shule. Mwalimu Mable aliniazima. Ya ofisi ilishaisha."

"Sawa tu. Wino ni wino."

Alipomaliza la tisa, Watson alikausha karatasi, akaikunja, akampa. Kisha akavuta kikapu kutoka chini ya meza: mapale, samaki wabichi wa alfajiri, wamefunikwa kwa majani yaliyolowa.

"Peleka na hii kwa bwana mukubwa. Kwetu mutu haendi kwa mukubwa mikono mitupu. Lakini jua ni kali, na kambi yake ni mwendo wa nusu siku. Kila ukivuka kijito, lowesha majani tena, samaki isioze."

"Karani, wewe unajua kupendeza bazungu!" Davison alicheka, akakifunga kikapu kwenye baiskeli, juu ya mfuko wake wa kitambaa alimotia karatasi.

Nyumbani habari zilikwisha kufika. Watu walimpisha njiani kama mwenye ukoma. Mke wake Ennie alimngoja mlangoni.

"BashiMwaka," alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama siku zote, ila sauti ilikuwa baridi. "Uliandika Chanda?"

"Niliandika."

"Ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mawe, mama wee! Na samaki ukapeleka! Unauzisha ndugu yangu, tena unaongeza na mbasela ya bure juu!"

Watson alikaa chini na bakuli la maji vuguvugu, akaanza kuiosha kalamu, kama alivyofanya kila jioni. Maji ya moto huua mpira wa ndani, ya baridi hayatoi wino uliokauka. Akavuta, akatema, akavuta, akatema, mpaka maji yakawa meupe. Kalamu ilikuwa mali ya ofisi, lakini ncha yake ya dhahabu ilikuwa imelalia mkono wake, na hakupata kumwazima mtu. Mkono mgeni, alisema, huipotosha. Ukweli ni kwamba aliipenda mno, na hilo kila mtu alilijua.

"Kalamu unaiogesha kama mutoto," alisema Ennie. "Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Akamvua shati kwa nguvu, akalitumbukiza kwenye beseni. Mashati yote ya Watson yalikuwa na alama za wino mkononi, na katika miaka yote ya ndoa hakuna sabuni iliyoziondoa. Siku ile doa lilitoka kwa maji matupu. Ennie akadhani ni hasira iliyomtia nguvu mikononi.

Ijumaa hakuna aliyekwenda ziwani. Wale tisa walikaa uani kwa Chanda na vifurushi vyao. Chanda alikataa kukimbilia ng'ambo ya ziwa, kwa Wabelgiji. Mke wake Dorica alikuwa karibu kujifungua, amwachie nani? Wakangoja lori mpaka jua likapinda.

Lori halikuja. Alikuja Davison na baiskeli yake, ananuka samaki. Akaingia ofisini, akatandika karatasi mezani. Ilikuwa nyeupe, imekunjamana, na katikati kama wingu dogo la bluu.

"Maji ya samaki iliingia mu mufuko," alisema kwa aibu. "Bwana anasema uandike tena."

Watson alivua miwani, akajifuta macho.

"Siwezi, mwanangu. Majina ilishanitoka mu kichwa."

"Wewe? Banasema unajua watu bote, hata majina ya babu zao!"

"Nilishachoka. Kichwa nayo ilichoka."

Davison alimtazama sana. "Kukataa, hukukataa. Niliona na macho yangu uliandika. Hiyo nitamwambia bwana. Lakini karani bila kichwa, ofisi itamufanyia nini? Bwana alisema ukishindwa, kazi iishe. Lete kalamu."

Watson aliishika kalamu kidogo, kisha akampa.

"Maji vuguvugu," alisema. "Si ya moto."

Akavifunga vitu vyake vichache katika taulo, akaenda nyumbani polepole. Uani kwa Chanda watu walikuwa wanaimba. Ennie alikipokea kifurushi bila kumtazama usoni.

"Mungu si BashiMwaka," alisema. "Mungu ameokoa ndugu yangu toka mikononi mwako."

"Ndiyo," alisema Watson, akaketi.

Ennie akafungua taulo ili alifue. Ndani kulikuwa na kikombe, kipande cha sabuni, na chupa ya wino wa ofisi, ule mweusi usiotoka nguoni. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.