Mikaratusi ya Siwema

Mgeni, mtaalamu wa maji kutoka wilayani, alitokea bila taarifa kikundi cha kutunza chemchemi kikiwa kazini, akaitazama chemchemi iliyobaki tope, kisha mikaratusi iliyoizunguka.

"Miti hii ndiyo inayowamalizia maji."

Siwema aliipanda mwenyewe akidhani itaikinga chemchemi, na ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu ifae kuwa nguzo za nyumba aliyotaka kujenga.

"Haya, mwenyekiti," Mzee Shomvi akamchokoza. "Siku kikundi chako kilipong'oa miwa yangu hapa, uliniahidi nini?"

"Kwamba ikibidi, na changu kitaondoka."

"Enhe?"

Wanakikundi wenzake waliinamisha macho.

"Tukiikata, maji yatarudi?" Siwema akamuuliza mgeni.

"Huenda."

Aliomba shoka. Akaupiga mti ulionyooka kuliko yote. Kibanzi cheupe kiliruka, kikaangukia mguuni pake, kimelowa maji.