Bati Linalotoa Jasho

“Nyumba yangu ya nyasi haikuwahi kunitonea, bibi! Nimeezeka bati tu, kila alfajiri nalowa kitandani, na mvua hakuna. Nani kama si wewe?”

Mboni alifoka hadi nusu ya mtaa wa Pasiansi ikajaa uani kwa bibi huyo, jirani yake. Mkokoteni wa ng’ombe ulikwisha kupakiwa vyombo vya bibi. Wazee walishaamua: mchawi arudi kwao Misungwi leo hii, Uhuru wa nchi ukifika umkute huko.

Bibi alichutama mekoni, akafunua sufuria ya viazi. Matone yakachuruzika kutoka ndani ya mfuniko, yakamchoma Mboni mguuni.

“Na mfuniko huu nao nimeuroga?” bibi akauliza. “Jioni unapikia wapi, mwanangu?”

“Ndani.”

“Na madirisha?”

Mboni akageuka kuyatazama madirisha yake. Aliyaziba kwa magunia mwezi mzima, kwa kumwogopa bibi huyuhuyu, na tangu ayazibe ndipo bati lilipozidi kutona. Akautazama mfuniko. Tone moja lilivimba, likatetemeka, likaanguka. Kumbe yale ya batini ni mvuke wa maharage yake mwenyewe.

Mtaa mzima ulikuwa unamtazama mdomoni. Tuhuma za uchawi walizipata wote kutoka mdomo huohuo, na tangu siku alipozitamka hakuna aliyethubutu kuonja chakula cha bibi.

“Twende, jua linazama!” akaita mwenye ng’ombe.

Bibi akapakua viazi, akasogeza kigoda kilichobaki.

“Karibu tule, mwanangu. Sijazoea kula peke yangu.”